Nyumba ya Mabanzi

Mji wetu sijawahi kuuona kwenye ramani yoyote. Ulikuwa mwendo wa siku nzima kwa mkokoteni wa ng'ombe kutoka Kitale, kwenye kona ya mto unaoshuka Mlima Elgon kwenda kuingia Nzoia, na ulikuwepo kwa sababu ya kiwanda cha mbao tu. Juu ya mto aliishi Mzungu mwenye kiwanda. Katikati palikuwa na msumeno uliozungushwa na maji. Chini, ambako maji yalifika mekundu kwa vumbi la mbao, tuliishi sisi, na maji hayo ndiyo tuliyokunywa.

Mama aliletwa huko akiwa bibi harusi, kutoka upande wa Bungoma. Baba alikuwa fundi wa msumeno. Alipasua mierezi kutwa nzima, halafu akalala kwenye kibanda cha nyasi. Mama hakulielewa jambo hilo, wala mimi sijalielewa hadi leo. Akamsukuma baba akaombe mbao. Mzungu alijibu kwamba mbao ni za kupelekwa kwenye gari moshi Kitale, ila wafanyakazi wangeweza kuchukua mabanzi, yaani vile vipande vya nje vya gogo, vyenye maganda, ambavyo havikuwa na mnunuzi.

Basi mama akajenga kwa mabanzi. Aliyabeba kichwani huku mimi nikiwa mgongoni, na baadaye ndugu zangu walionifuata. Vyumba viwili vikasimama, vyenye mlango. Majirani wakaiga, na kwa miaka michache tukawa na mtaa wa kweli, wenye duka na kanisa.

Lakini msitu ulikuwa unatukimbia. Nilipokuwa mdogo, miti ilianzia nyuma ya kiwanda. Nilipovunja ungo, ng'ombe waliondoka alfajiri kufuata magogo na kurudi giza likiingia. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, mlima upande wetu ulikuwa kipara. Mzungu akaamua kukihamishia kiwanda juu zaidi, na akaamuru nyumba zote zibomolewe, mabanzi na watu wapelekwe huko kwa lori.

Mama alimwendea nyapara, akamkumbusha kwamba mabanzi tulipewa.

"Mlipewa mkae, mama," nyapara akasema. "Hamkupewa yawe yenu."

Waliotumwa kubomoa walikuwa wafanyakazi wenyewe. Baba akaja kwetu na mtaimbo. Mama alikuwa ameshatoa sufuria na nguo nje. Alimwuliza kama kweli atafanya.

"Nikikataa watanifukuza," baba akasema bila kumtazama. "Tutakula nini?"

Akaanza na mlango.

Mama hakupanda lori. Alitushika mikono tukatembea mpaka kwao Bungoma, ambako wajomba walitupokea bila furaha. Baba alikifuata kiwanda. Mwanzoni alituma salamu, kisha zikakatika, tukasikia ana mke mwingine huko mlimani. Mabanzi yenyewe hayakuhamishwa kamwe. Yalirundikwa kando ya mto, yakanyeshewa, yakaoza.

Baba alirudi miaka mingi baadaye, msumeno umemla vidole na kiwanda hakimtaki tena. Mama alimpikia ugali na kuku, akamhudumia vizuri kama mgeni wa heshima. Jua lilipoanza kushuka akamwuliza atalala wapi.

Watu walisema mama ana moyo mgumu. Mimi nilimsindikiza baba hadi barabarani, kisha nikarudi kwa mama.