Hodi ya Sekunde Moja

Usiku wa kumi na tisa tangu mwanangu Hasina ajifungue, tulikesha wawili tukingoja jibu la mashine. Mtoto alilala. Sisi tulikuwa nyumbani Diani, na mashine ilikuwa Msambweni, katika maabara ya chuo anakofanya kazi Hasina.

Umeme ulikuwa umekatika huko baada ya isha, ukarudi. Kompyuta ya maabara iliwaka yenyewe na kipimajoto kikajibu, lakini mashine ya kupoza maji ilinyamaza. Katika tangi lake mlikuwa na mbegu za mwani za kina mama wa Mkwiro, ambao mwani wao wote uliharibika bahari ilipopata joto. Maji yakifika digrii thelathini na moja, mbegu hupauka zikafa. Saa sita za usiku yalikuwa ishirini na saba.

"Yakikaribia thelathini nitakwenda mwenyewe," alisema Hasina.

Nilivuta mkeka nikaketi mlangoni. Kwetu mzazi hatoki mpaka arobaini yake iishe. Wakubwa walisema kaburi lake li wazi siku zote hizo. Mimi niliishia darasa la tano na mengi siyajui, lakini dada yangu alitoka siku ya ishirini kwenda kuteka maji, na hakuiona arobaini yake.

Hasina alikuwa na likizo. Hakuna aliyemlazimisha. Ila mbegu zile alizilea tangu zikiwa nyuzi nyembamba, hakuweza kuziacha. Kabla ya kujifungua, yeye na mwenzake Elijah waliunganisha mashine zote na kompyuta ya maabara kwa nyaya, ili aziendeshe akiwa kitandani. Mchana huzitazama Elijah, usiku ni zamu ya Hasina, kompyuta yake ndogo juu ya sinia, mtoto ubavuni.

Haya si mapya kwake. Akiwa na miaka minane alifunga uzi kwenye kijimlango cha banda la kuku, akaupitisha dirishani hadi kitandani kwake. Asubuhi alivuta uzi, kuku wakatoka, yeye akaendelea kulala. Nilimchapa kwa uvivu. Sasa uvivu ule ule ndio anaolipwa mshahara, na marehemu baba yake, aliyekata miwa Ramisi hadi viganja vikawa kama kwato, angecheka sana.

"Mpigie Elijah," nilimwambia.

"Yuko Kinango matangani. Hata akitoka sasa hivi, atafika jua limepanda."

"Basi nipe ufunguo niende nikabonyeze."

"Vibonye vyake vimefungwa, mama. Mashine ikishashikwa na kompyuta haimsikilizi mtu aliye mbele yake. Kuifungua kuna namna yake, na hutaiweza."

"Mmeifunza kiburi basi."

Alicheka kidogo, akarudia kuandika. Kila baada ya muda alinisomea joto. Ishirini na nane. Ishirini na nane na nusu. Kabla ya adhana ya alfajiri lilikuwa ishirini na tisa na nusu. Akampigia Matano, kijana wa bodaboda wa jirani, akajifunga leso kiunoni.

"Mama, nipishe."

"Nieleze kwanza. Wewe unaiitaje hiyo mashine?"

Alijua nampotezea muda, lakini alinieleza. Pale waya unapochomekwa kwenye kompyuta wao hupaita mlango. Programu aliyoiandika yeye huufungua mlango ule, huiita mashine, kisha hungoja ijibu.

"Kama hodi," nikasema.

"Ni hodi hasa. Nimeiandikia ibishe mara tatu, isipojibiwa ifunge iondoke. Si ndivyo ulivyotufunza?"

"Na kati ya hodi na hodi wangoja muda gani?"

"Sekunde moja."

"Sekunde moja! Mtu yumo ndani amelala, hata kanga hajaifikia, wewe umeshabisha zote tatu umekwenda zako?"

"Mashine haivai kanga, mama." Alicheka, kisha kicheko kikakatika. Akaketi kitandani na leso yake kiunoni. "Lakini kila ninapoufungua mlango, mashine huzimika na kuwaka upya. Elijah aliufungua mwezi uliopita, ukabaki wazi mpaka umeme ulipoufunga jana. Mimi kabla ya usiku huu sikupata kuufungua hata mara moja. Kila ninapobisha ndiyo kwanza inaamka, na kabla haijaamka nimeshaondoka. Naiamsha tu usiku kucha."

Alibadilisha tarakimu moja, akaweka kumi. Tukangoja. Nilihesabu kwa vidole, na vidole vilikuwa vimekwisha lilipotokea jibu la neno moja kwenye kioo. Hasina akavuta pumzi. Akaandika joto analolitaka, akafunga macho, akayafungua.

Ishirini na tisa nukta nane. Ishirini na tisa nukta nane. Ishirini na tisa nukta saba.

Nje pikipiki ilipiga honi. Nilifungua kidirisha.

"Shangazi, mzazi yuko tayari?" aliuliza Matano.

"Haendi tena."

"Kumbe nimeamka bure."

"Umeamkia sala. Msikiti uko pale, nenda."

Alinung'unika akaondoka. Hasina alikuwa ameshamchukua mtoto, anamnyonyesha, leso ameitupa kando. Mimi nilirudi kwenye mkeka wangu nikajinyoosha pale pale mlangoni. Komeo lililofungwa tangu usiku sikuligusa; arobaini bado haijaisha.