Kifurushi cha Kwenda Vienna

Niliogopa nini hasa: kilichokuwa ndani ya kifurushi kile, au uso wa bibi aliyenipa endapo ningemwambia kwamba siwezi kukibeba? Nimelirudia swali hili mara nyingi, na mpaka leo sina jibu ninaloweza kuliapia.

Kazi yangu ni kuuza jioni. Ofisi yetu ndogo iko Shaw, mtaa wa mjini hapa Marekani, katika nyumba ya matofali, juu ya mkahawa wa Kihabeshi. Wateja wetu ni watu wenye uwezo wanaotaka kuketi katika majumba kongwe ya opera ya Ulaya kama walivyoketi wenye vyeo wa zamani: roshani ya faragha yenye viti vya mahameli nyekundu, kijichumba cha nyuma cha kutundikia makoti, shampeni wakati wa mapumziko, na baada ya pazia kufungwa, karamu katika ukumbi ambao siku nyingine haufunguliwi. Kwa miaka mingi niliyapanga yote haya kwa simu na kompyuta. Nilijua ni roshani ipi ya Venice ambayo nguzo huificha nusu ya jukwaa, na ni ngazi zipi za Vienna zinazowatesa wenye magoti mabovu. Nilijua bila kufika. Kisha mwenzangu aliyezoea kuwasindikiza wateja akavunjika mguu, na mkuu wetu akaniambia kwamba safari hii nitakwenda mimi.

Furaha yangu ilidumu hadi nilipokumbuka hali yangu. Usaili wa uraia wa Marekani nilikuwa nimeshaupita. Kilichobaki ni kuitwa kula kiapo. Katika jamii yetu ya huku, kila mtu ana kisa cha fulani aliyefika mlangoni kabisa akarudishwa. Wakili alinihakikishia kwamba safari haina ubaya, ilimradi nisijiingize katika matatizo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonikaa moyoni. Baba yake binti yangu ni marehemu, na mtoto mwenyewe alikuwa bado hajamaliza shule. Kama ningezuiwa nje, angebaki peke yake nyumbani kwetu Manassas.

Siku ya kuamkia safari nilikwenda mji wa Bladensburg kuaga. Kwetu pwani mtu hasafiri bila kuwaaga wakubwa wake na kuwaomba radhi, na mkubwa wangu katika nchi hii ni bibi mmoja wa Unguja ambaye hatuna udugu wa damu. Nilipofika Marekani na shahada yangu na koti lisilofaa kwa baridi, nililala sebuleni kwake majira yote ya theluji. Mume wangu alipofariki, ni yeye aliyekuja kukaa nami eda, akininywesha uji kama mtoto.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Naambiwa unakwenda kuwatembeza Wazungu kwao."

"Ndiyo, Bibi. Vienna, halafu Venice."

"Makubwa! Wazungu hawajui njia ya kwao mpaka waongozwe na mtu wa Tanga! Haya, na mie nna langu."

Akaingia chumbani, akatoka na kifurushi cha ukubwa wa mkate, kilichozungushiwa kipande cha kanga na kushonwa pande zote kwa uzi mweusi, mishono midogo iliyokaribiana. Mjukuu wake anayeishi Vienna alikuwa amepata mtoto.

"Mna nini humu, Bibi?"

"Vitu vya mzazi na dawa ya mtoto. Kwani weye forodha?"

Nilicheka, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Kwetu msafiri habebi vyake peke yake. Mama yangu, alipokuwa hai, alinishonea vifurushi vya namna hiyohiyo kutoka Tanga, vikanifikia kwa mikono ya watu ambao wengine sikupata hata kuwajua majina. Hakuna aliyemuuliza mama mna nini. Ule mshono ndio uliokuwa muhuri. Anayekata uzi amemwita aliyeshona mwongo.

Nilikuwa bado nimekishika, nikihisi kitu kama unga kikiteleza chini ya kidole gumba, simu ya bibi ilipolia. Yeye huweka spika, maana masikio yamechoka, nami nikasikia kila neno la mjukuu.

"Amekipokea?"

"Huyu hapa, kakishika."

"Shangazi, shikamoo. Tafadhali usikitie kwenye sanduku kubwa. Kishike mkononi. Na mtu akikuuliza, sema ni vyako."

"Kwa nini niseme ni vyangu?"

"Ah, Shangazi! Wasikusumbue tu. Wale watu maswali yao hayaishi."

Bibi akatikisa kichwa. "Huyu na wasiwasi wake! Tangu mdogo." Nikacheka tena, lakini safari hii nilikitia kifurushi mkobani bila kukitazama.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja ofisini, ambako wateja walikuwa wamealikwa kwa mkutano wa mwisho. Kifurushi kilikuwa ndani ya mkoba wangu, chini ya meza, kati ya miguu yangu. Nikapunguza taa, nikawaonyesha picha ukutani: ngazi za marumaru, dari iliyochorwa malaika wanene, vinara vya fuwele, roshani zilizopakwa dhahabu tabaka juu ya tabaka. Kwa kawaida sehemu hii huniburudisha. Nayapenda majumba yale kwa sababu hofu iliyomo ina adabu: mtu huchomwa kisu jukwaani kila jioni katika wimbo uleule, okestra inajua lini, na aliyekufa huinuka kupokea makofi. Jioni ile nilisema yote niliyozoea kusema, huku harufu ikinipandia kutoka chini ya meza: udi, karafuu, na kitu kingine kikali nisichokitambua.

"Manukato gani haya mazuri?" akauliza mteja mmoja, mama mwenye mvi, jaji mstaafu.

"Ni yangu," nikajibu. "Ya kwetu."

Nilikuwa nimeshasema ni vyangu, tena mbele ya jaji, na wala hakuna aliyenilazimisha.

Ikafika zamu ya masharti, ambayo nimeyasoma mara nyingi hata ulimi huenda wenyewe. Mavazi. Dawa za kila siku. Anayechelewa hataingizwa ukumbini hadi mapumziko. "Na tafadhali," nikasoma, "usibebe kitu chochote ambacho hukukifunga mwenyewe, hata kama umepewa na mtu unayempenda." Sentensi hiyo niliitunga mimi. Nilipoiandika niliwafikiria wao, na wajomba zao wenye pesa, na zawadi zao za ajabu. Nikajikuta nimeisoma tena tangu mwanzo. Jaji akanisogezea glasi yake ya maji, akaniuliza kwa upole kama naogopa ndege.

Katika stesheni kuu, nikielekea kwenye treni ya Manassas, polisi mmoja alikuwa akipita na mbwa kati ya abiria. Ni jambo la kawaida. Miaka yote nimepishana na mbwa wale bila kuwatazama. Safari hii nilisimama nikamtazama. Nilifikiria kukitupa kifurushi kwenye pipa, kisha nikazifikiria kamera, na jinsi atakavyoonekana mwanamke aliyejitanda mtandio akitupa kitu kilichoshonwa katikati ya stesheni. Mbwa akafika. Akanusa mkoba, akarudia, akapiga chafya.

"Samahani, mama," polisi akasema akitabasamu, akamvuta, wakaenda zao.

Mtu mwingine angepumua. Mimi niliketi ndani ya treni nikiwa nimeukumbatia mkoba, nikiwaza kwamba mbwa yule huenda amefundishwa kunusa baruti tu, na kwamba kwenye uwanja wa ndege wana mbwa wengine.

Nyumbani nilikiweka juu ya meza ya jikoni. Binti yangu anaelewa Kiswahili chote, lakini hukizungumza anapotaka kunibana tu. Alikizunguka kifurushi, mikono nyuma.

"Umeipack wewe, Mama?"

"Kashona Bibi."

"Basi ikate tuone."

"Siwezi. Nikikata nimemwambia Bibi kwamba simwamini."

"Na kwani unamwamini?"

"Namwamini."

"Basi mbona hujakaa tangu uingie?"

Nikachukua mkasi, nikaitia ncha yake chini ya mshono wa kwanza. Uzi ulikuwa umekazwa vizuri. Mkono wa bibi bado una nguvu. Kukata kungenionyesha kilichomo, lakini nisingekitambua: unga ni unga, na mimi nilisoma historia. Kukibeba kungemridhisha kila mtu isipokuwa huyu aliyesimama mbele yangu. Nikaurudisha mkasi kwenye droo.

"Mimi nataka urudi tu," binti akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa. Akapakua chakula, tukala, kifurushi kikiwa kati yetu karibu na chumvi. Kabla sijaondoa sahani nilikuwa nimeamua.

Asubuhi nilitia sanduku langu garini, nikaendesha gari kinyume cha uwanja wa ndege, nikikatiza foleni za watu waendao kazini, hadi Bladensburg. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Bibi alifungua mlango mikono ikiwa na unga wa chapati.

"Umesahau nini tena?"

"Sikusahau, Bibi. Nimekirudisha."

Akanitazama, akakitazama kifurushi. "Umekifungua?"

"Hapana."

"Sasa unaogopa nini?"

Yale maneno yote ya njiani yakapotea. "Siwezi kupita na kitu nisichokijua, Bibi. Niwie radhi. Kikate mwenyewe, tukione pamoja, kisha nitakibeba."

Nilidhani amekasirika, nikangoja kuambiwa mtovu wa shukrani. Badala yake aliegemea mlango, na aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Vitu vya mzazi nimevitia mie. Hiyo dawa ya mtoto kaileta rafiki yake mjukuu wangu, keshaifunga. Mie nimeshona tu."

"Huyo rafiki unamjua?"

"Kaja mara moja. Kijana mzuri, kanisalimia vizuri."

Ndani, chapati ilianza kuungua, naye hakugeuka. Nilimpa kifurushi, akakipokea kwa mikono yake yenye unga, akakishika mbali na kifua. Nikateremka ngazi, nikaingia garini, nikashika njia ya uwanja wa ndege.