Upande wa Kushoto wa Pikapu

Majina siandiki. Si kwamba nimewasamehe, wala si kwamba ninawaogopa. Mtu kumwita jina lake ni kumpa heshima, na hawa siwapi hata hiyo. Mmoja alikuwa fundi wa breki pale Bondeni, kando ya kinu cha posho. Wa pili ni shemeji yangu, kaka ya mke wangu. Wa tatu nitafika kwake.

Mwaka wa 2007 nilikuwa na pikapu. Kila asubuhi niliondoka mtaani kwetu Free Area, pale Nakuru, na mke wangu tukapanda Dundori kuchukua viazi, tukateremka navyo mpaka sokoni mjini. Mimi nilikuwa dereva, yeye ndiye aliyekuwa mfanyabiashara. Shule niliacha nikiwa mdogo, yeye alimaliza darasa la nane, na hakuwahi kuniacha nisahau. Lakini alinicheka vizuri wakati huo. Aliniita Baba Watoto, hata akiwa ananitukana.

Siku moja, tukiteremka na mzigo, paipu ya breki ya mbele ilipasuka. Zilikuwa paipu za raba za tangu gari litengenezwe. Raba iliyozeeka huvimba ukikanyaga breki, kama shavu la mtu anayepuliza moto, na nguvu ya mguu wako inaishia humo kabla ya kufika kwa gurudumu. Siku ikichoka, inapasuka. Nilisimamisha gari kwa gia na kwa rundo la murram, ile changarawe nyekundu, ambalo watu wa barabara walikuwa wamelisahau. Mke wangu alishuka, akaenda kando, akatapika. Akarudi akasema, "Hiyo murram iko na akili kukushinda."

Nikaapa kwamba sitateremka tena na raba.

Mjini kulikuwa na mzee Kalasinga mwenye duka la spea, ambaye kijana wake alikuwa akikimbiza magari ya mashindano. Huyo ndiye aliyeniuzia paipu za chuma. Ndani ni mrija mweupe mgumu, nje umesukwa kwa nyuzi za chuma kisichoshika kutu, nyuzi nyembamba kama nywele. Haivimbi hata ukanyage namna gani. Kijana wake alinifungia zote tatu, akatoa hewa yote kwenye breki, na nilipokanyaga mara ya kwanza nilidhani nimekanyaga jiwe. Gari lilisimama pale pale.

Nikiwa naondoka yule mzee alinishika mkono dirishani.

"Kitu kimoja, bwana. Hii haibanwi. Raba fundi anaweza kubana na koleo, ukiachilia inarudi. Hii ukibana imekufa, na hutajua. Nje itang'aa vile vile."

Majirani walinicheka mpaka wakachoka. Walikuja kuinama chini ya gari kama watu wanaotafuta kuku. "Jamaa amevalisha gari bangili," walisema. Mke wangu ndiye aliyecheka kuliko wote. "Mimi sijawahi kununuliwa hata bangili ya plastiki," aliwaambia, "lakini magurudumu yake yamepata." Huo ukawa wimbo wa ploti nzima.

Kisha ikaja Januari ya baada ya uchaguzi, na kila aliyekuwa Nakuru anajua hiyo Januari. Walionicheka ndio waliopanda nyuma ya pikapu na magodoro yao, niwapeleke kambi ya wakimbizi kwenye uwanja wa maonyesho. Mahali fulani, kwenye kona, tulikuta mawe yamepangwa barabarani na vijana wamesimama nyuma yake na mapanga. Nilikanyaga, gari likasimama mbali nao vya kutosha, nikarudi nyuma kwa kasi, tukapotea. Ingekuwa zile raba, tungewaingia mikononi. Kule nyuma hakuna aliyetaja bangili. Hakuna aliyesema asante pia. Mmoja alilalamika kwamba nimemmwagia unga.

Kwa hiyo waliotaka kunimaliza na panga hawakunipata. Aliyenipata alikuwa na kofia ya kufuma, kitambaa mkononi, na tabasamu.

Barabara zilipofunguka tukarudi Dundori. Kalipa ya gurudumu la mbele kushoto ikaanza kuvuja, ile sehemu inayobana breki, raba yake ya ndani ilikuwa imekwisha. Nilienda kwa Kalasinga nikakuta duka limefungwa. Familia yote ilikuwa imehamia kwa jamaa zao Nairobi mpaka mambo yatulie. Ndiyo nikaenda Bondeni.

"Niaje boss," fundi akasema, ameinama kwenye gurudumu. "Hii ni gari ama ni bibi arusi?"

"Hiyo paipu usibane," nikamwambia. "Ukitoa kalipa, acha mafuta ya breki yamwagike. Nitanunua mengine."

"Boss, mimi nilianza kufungua breki wewe ukiendesha punda."

"Nimesema usibane."

"Sawa, sawa. Kwani ni shingo ya mama yako?"

Vibarua wake wakacheka. Mke wangu naye akacheka, amekaa kwenye kreti ya soda kivulini. Fundi akanituma mimi mwenyewe nikatafute raba ya kalipa kwenye maduka ya juu. "Mathe abaki hapa," akasema, akimwonyesha mke wangu kwa kidole, "anichungie spana zisiibiwe." Nikaenda. Niliporudi gurudumu lilikuwa wazi na paipu ilikuwa safi, inang'aa. Mafuta hayakuwa yamemwagika mengi. Nikamuuliza mbona.

"Ni ufundi, boss. Uliona wapi fundi akimwaga vitu vya mteja?"

Niliitazama ile paipu toka mwanzo hadi mwisho. Haikuwa na alama yoyote. Nikamlipa.

Tulipopanda Dundori pikapu ilikuwa tupu, na ukipanda hukanyagi breki, kwa hiyo mlima ulituficha kila kitu. Tukapakia. Tukianza kuteremka, nilipokanyaga breki gari lilivuta kushoto. Nikaachilia, likaendelea kuvuta. Mke wangu akanusa.

"Unachoma nini?"

"Gurudumu lako limeshika. Nasimama hapo chini palipo tambarare."

"Simama sasa."

Nilikanyaga nisimame. Mguu ukaenda mpaka chini, laini, kama kukanyaga mkate. Gurudumu lilikuwa limejibana lenyewe likachemka, na likachemsha mafuta ya breki yote ya mbele. Nikavuta handbreki, kamba ikalia na viazi vikatushinda. Nikajaribu gia ya chini, ikakataa kuingia.

Sasa niseme barabara ilivyokuwa, kwa sababu hapo ndipo watu wote wamenihukumu. Kulia kulikuwa na korongo. Chini yake unaona bati za nyumba zikiwa ndogo kama vibiriti. Kushoto kulikuwa na ukingo wa udongo mwekundu na mawe. Mbele kulikuwa na kona ambayo singeipata. Dereva hukaa kulia. Mke wangu alikuwa kushoto.

Nikasema, "Shika!" Nikapeleka gari kwenye ukingo.

Mlango wake ulikunjwa ukaingia ndani na mguu wake ukiwa katikati. Mimi nilitoka nikitembea. Nilikuwa na mkwaruzo kwenye kiwiko ambao hata muuguzi aliutazama akaona haya kwa niaba yangu. Mguu wa mke wangu ulikatwa juu ya goti.

Alipopata fahamu, nilikuwa nimekaa kando ya kitanda. Alinitazama kwanza usoni, kisha miguu yangu yote miwili, kisha usoni tena. Akageukia ukuta.

Siku hiyo hiyo alikuja shemeji. Huyu ni mtu ambaye katika ile Januari alipanda pikapu yangu na kabati lake la vyombo, akakataa kuliacha ili nafasi ikaliwe na watoto wa watu. Alikuwa amepita kuona gari kabla ya kuona dada yake. Akasimama mwisho wa kitanda akasema kwa sauti ya wodi nzima:

"Nimeangalia hilo gari. Upande wa dereva hata kioo hakijavunjika. Mimi nimesema tu."

Amesema tu. Kuanzia hapo mke wangu akaacha kuniita Baba Watoto. Akaanza kuniita Dereva. "Dereva, leta maji." "Dereva, niinue." Nikimweleza habari za korongo, ananisikiliza mpaka mwisho, halafu anasema, "Uliniambia nishike. Nishike nini? Mlango ndio ulionishika."

Sikuwa nataka anipende. Nilitaka jambo moja tu: aamini kwamba kabla ya mimi kukata usukani, kuna mtu mwingine alikuwa ameshanikatia breki. Gari lilikuwa limevutwa mpaka kwenye ploti. Nikalala chini yake nikafungua ile paipu ya kushoto nikaipeleka mjini. Kalasinga alikuwa amerudi. Hakusema pole. Aliipangusa akanipa.

"Puliza."

Nikapuliza mpaka masikio yakauma, hewa ikapita kidogo.

"Vuta."

Nikavuta. Hakikuja kitu. Ulimi ukanata kwenye tundu kama wa mtoto wa ng'ombe kwenye chuchu.

"Ndiyo hiyo. Mguu wako unasukuma mafuta yanapita, mguu ukitoka hayarudi. Gurudumu limebaki limebanwa." Akachukua msumeno wa chuma akaipasua kwa urefu. Nje nyuzi zilikuwa nzima kabisa. Ndani ule mrija mweupe ulikuwa umekunjwa mahali pamoja, bapa, kama mrija wa soda uliotafunwa. "Mtu amebana. Lakini sijui alibanaje bila kuacha meno."

Fundi aliposikia kwamba nitaitundika ile paipu kwenye lango lake na kumwambia kila mteja, akakubali kuja nyumbani. Alikuja amenyoa, amevaa koti. Shemeji naye alikuwepo, amekaa kwenye kiti changu. Mke wangu alikuwa kwenye godoro, mgongo ukutani, blanketi mapajani. Nikaweka ile paipu iliyopasuliwa mezani. Fundi akaigeuza kwa kidole kama mtu anayekagua samaki wa jana.

"Pole mathe," akasema. "Lakini hii kitu ni ya magari ya mashindano. Huyu mzee wako alitaka sifa. Hizi vitu hujikunja zenyewe kwa joto."

"Ulibana," nikasema.

"Nani aliniona?"

"Mke wangu alikuwa hapo. Alikaa kwenye kreti yako muda wote."

Wote wakamgeukia. Nilikuwa nimengoja hiyo dakika tangu hospitali.

"Mathe," fundi akasema, taratibu, "uliniona nikibana?"

Mke wangu aliangalia paipu. Akaniangalia mimi.

"Sikuona kitu," akasema. "Nilikuwa naangalia watu wakipita."

Shemeji akapiga goti lake kofi. "Si nilisema?" Fundi akamaliza chai, akachukua mandazi mawili, moja akalitia mfukoni mwa lile koti. Mlangoni akanipiga bega. "Ajali ni ajali, boss. Gari likitengenezwa lete, nitakufanyia bei."

Walipoondoka nilibaki nimesimama katikati ya chumba kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Mke wangu akavuta blanketi.

"Aliizungushia kitambaa kwanza," akasema.

"Nini?"

"Ile paipu. Aliizungushia kitambaa, halafu akaweka koleo juu. Nikamuuliza kitambaa ni cha nini. Akasema asiharibu urembo wa mzee. Tukacheka."

"Uliona."

"Niliona vizuri."

"Na umesema hukuona. Mbele ya huyo mbwa. Mbele ya kaka yako."

"Sasa unajua." Hakupandisha sauti. "Unajua vile mtu anahisi mwenzake akichagua. Fundi alishika koleo, Dereva. Koleo haikushika usukani."

Nikamwambia tena habari ya korongo. Nikamwambia watoto wangebaki bila mtu. Akasema anajua hayo yote, hajawahi kuwa mjinga, yeye ndiye aliyemaliza darasa la nane. Akasema hata yeye angepeleka kushoto. Kisha akaniambia nimletee beseni akojoe, na nisimwage.

Huyo ndiye wa tatu. Nimeishi naye mpaka leo, na viazi anauza bado, Free Area, amekaa kwenye gunia, anagombana na dunia nzima. Fundi aliendelea kufungua breki za watu pale Bondeni miaka mingi. Nilipita mara nyingi nikaona koleo limening'inia kwenye paipu ya mtu, na mwenye gari amekaa kivulini anakunywa soda. Mwanzoni nilikuwa nikiwaambia. Waliniuliza kama mimi ndiye yule wa bangili.

Sikununua gari tena. Tukipata lifti ya mtu kwenda Kiamunyi kwa binti yetu, mke wangu hupanda kwanza, na hakuna anayemharakisha mwanamke wa magongo. Anakaa nyuma ya dereva, upande wa kulia. Kisha ananionyesha kwa gongo pale pa kukaa, kushoto, mlangoni, na anangoja mpaka nikae ndipo anamwambia mwenye gari twende.