Mkono wa Kushoto wa Delbert

Mume wangu Delbert ni mtu wa kunyamaza, na mimi kunyamaza sijui, kwa hiyo habari zake nitazisema mimi.

Huku kwetu Wisconsin, waendesha pikipiki wakipishana barabarani huinuliana mkono wa kushoto, chini chini, maana wa kulia umeshika mpini wa mafuta. Asiyekuinulia amekutukana. Delbert na kaka yake Orville walikuwa wakiinuliana hivyo tangu ujana wao, wote wawili juu ya zile pikipiki nzito za kwetu ambazo Orville alikuwa akiziunda kiwandani.

Mwaka wa sitini na nne Delbert akafungua duka la pikipiki za Kijapani. Ndogo, nyepesi, unabonyeza kitufe inawaka. Walimu wakanunua, akina mama wakanunua, hata kasisi wetu akanunua. Orville alikuja mara moja tu, akaishia mlangoni.

"Cherehani hizi," akasema. "Mdogo wangu anauza cherehani."

"Ingia unywe kahawa, kaka."

"Unanitilia kitumbua changu mchanga, halafu unanikaribisha kahawa?"

Tangu siku hiyo, wakipishana, Orville anatazama mbele. Delbert anainua mkono. Nami nimekaa nyuma yake, naona yote, damu inanichemka.

"Achana naye," nilimwambia. "Mkono wako si bendera."

"Ni kaka yangu."

"Kaka gani? Hata Krismasi haji."

"Na mimi nikiacha, tutakuwa tumeachana kweli."

Basi akaendelea kuinua, mwaka nenda mwaka rudi, na hakuna siku aliyojibiwa. Akirudi nyumbani hali chakula vizuri, hata samaki wa kukaanga wa kila Ijumaa, anayempenda, anamsukuma sukuma kwenye sahani. Nilimchukia Orville, sifichi.

Uzee ukaingia. Goti la Orville likaharibika, akawa hawezi tena kupiga kiki lile dude lake. Likakaa bandani, naye akakaa dirishani akitazama barabara. Asubuhi moja ya masika tukamwona anaingia dukani akichechemea, salamu hakuna.

"Hii ya kitufe inawakaje?"

Delbert akambonyezea, uso mkavu kabisa. Mimi nikakimbilia nyuma ya matairi kucheka.

"Nakusikia, shemeji," Orville akasema.

"Nisikie tu, shemeji. Usisahau kununua na uzi."

Jumapili yake tulimkuta kando ya barabara ya ziwani, pikipiki mpya ameizima, kofia iko mkononi. Delbert alikuwa ameshainua mkono tangu tukiwa mbali. Akasimamisha.

"Imekuharibikia?"

"Haijaharibika." Orville alikuwa haangalii mtu. "Wenzangu wa kiwandani wamepita sasa hivi. Nimewainulia mkono. Wote wametazama mbele. Nimekula nao meza moja miaka yote ile, Del."

Delbert akazima pikipiki, akashuka.

"Hivi ndivyo ulivyokuwa unajisikia?"

"Wao ni wenzako tu," Delbert akasema. "Wewe ulikuwa kaka yangu."

Orville akajifuta uso kwa mkono wa jaketi. Halafu, pikipiki zote zimezimwa, ndugu hawa wamesimama karibu hata wangeweza kushikana, akainua mkono wa kushoto, chini chini. Delbert naye akainua wake.

Siku hiyo nilinyamaza hata mimi.