Dada yangu aliamini mvua inamngoja yeye

Wakuu, hamjambo huko mliko. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na sijaongeza chumvi.

Ni miaka ya tisini, nyumbani karibu na mji mdogo wa Salama. Dada yangu Mwikali alikaa kitandani kiangazi chote. Kuoga hataki, chakula hataki.

Nikimuuliza, ananijibu: "Kanini, mvua imekataa kwa sababu yangu."

Nilidhani ni ile depression ya mjomba Nzioka. Lakini mjomba, alipougua, alikuwa anasema, "Inyeshe, isinyeshe, kwangu ni sawa tu."

Asubuhi moja Mwikali akaamka anaimba! Kabla ya chai ameshaita mwethya, ile group yetu ya kuchimba matuta shambani pamoja. Watu wa kanisa wakasema haleluya, amefunguliwa.

Mimi napenda kuota ndoto, nikashika jembe nikicheka. Nikajiona tajiri wa pojo.

Hapo ndipo tulikosea.

Usiku halali. Anaongea mbio. Siku ya tatu akawagawia mwethya mbegu yetu yote. "Pandeni! Mvua nimeshaiita!"

Mama akaninong'oneza, "Mshike dada yako."

Nikachelewa. Nilimpata katikati ya lami, barabara ya Mombasa, anasimamisha malori yampeleke Kiboko akawafundishe wale wa kituo cha utafiti wa mbegu kule. Lori moja likapiga honi, likamkosa kidogo tu. Nikamvuta mkono hadi kando.

"Niachilie, Kanini! Una wivu!"

Tukampeleka zahanati. Nurse alituuliza swali moja: anasema nini juu yake mwenyewe?

Nikamwambia ya kitandani, kisha ya barabarani. Nikajisikia nimesema kitu kimoja mara mbili. Akilala, akiamka, mvua yote iko juu ya kichwa chake.

Akatutuma hospitali kubwa. Wakatuambia wake ni ugonjwa mmoja unaopanda na kushuka, siku hizi mnauita bipolar. Wa mjomba ni mwingine.

Dawa ilichukua muda. Mwethya, Mungu awabariki, walirudisha mbegu kimya kimya, kikombe kwa kikombe.

Siku mvua iliponyesha, Mwikali alisimama mlangoni, akaniuliza, "Kanini, ni mimi?"

"Hapana, dada. Imenyesha tu."

Akavuta pumzi ndefu, akaenda kutafuta jembe.

Wakuu, mgonjwa akiamka ghafla, msikimbilie kushangilia kama sisi. Sikilizeni kwanza anaamini nini.

Kuna aliyepitia hii? Andika hapa chini, nitasoma zote. Mimi mpaka leo nikisikia honi ya lori, namtafuta Mwikali kwa macho.