Maureen Alivyoposwa na Miaka Yake Arobaini na Moja

Jirani yangu Maureen anasukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja kule Maplewood. Ana miaka arobaini na moja. Zamani, akiwa Kenya, picha yake ilitoka gazetini: mpira mkononi, miguu yote miwili hewani. Gazeti hilo analo mpaka leo, limekunjwa ndani ya pasipoti iliyokwisha muda. Aliponionyesha mara ya kwanza nilimwuliza, "Ulishukaje?" Akacheka mpaka akapangusa macho. Alisema hajawahi kuulizwa hilo.

Hapa ughaibuni wanawake wa Afrika Mashariki wana ligi yao ya mpira wa kikapu, kila Jumapili, ukumbini. Hakuna anayelipwa. Mwezi wa tatu, timu aliyoichezea miaka sita ikamwandikia kwenye simu kwamba sasa yu huru. Neno lenyewe zuri, lakini alilisoma amesimama jikoni kwangu, koti hajavua. Sheria ni kwamba mchezaji aliyeachwa anaweza kuchukuliwa na timu yoyote, mwisho Jumamosi saa sita mchana. Asipochukuliwa, msimu umempita.

"Na ukikupita?"

"Kwa umri huu, Mama Isa, ukinipita huu imepita yote."

Alhamisi manahodha wawili wakampigia, kila mmoja kwa wakati wake. Maureen hana ndugu hapa, na kujisifu hajui. Mimi ni mtu wa Mombasa, kwetu mtu haombwi kwa simu. Nikamwambia kwa mzaha, "Waje kwangu, kama watu wanaokuja kuposa."

"Basi wewe ndiye watu wangu," akasema. Yeye hakuwa na mzaha.

Jumamosi asubuhi nikapika kaimati, nikachemsha kahawa ya tangawizi, nikamfunga Isa mgongoni kwa leso. Maureen nikamtia chumbani, maana mposwa hakai mbele ya wageni. Mlango hakuufunga sawasawa. Nilikuwa nauona mguu wake.

Wa kwanza alikuwa Natasha, nahodha wa timu ya Lakeville, msichana wa miaka ishirini na minne, viatu vyeupe pepepe. Akakaa kwenye ncha ya sofa.

"Tumekuja kuomba... sijui inasemwaje, aunty."

"Sema tu unachotaka."

"Tunamtaka Maureen. Ana jina. Tutamweka kwenye bango."

"Na uwanjani? Mchezo ni dakika arobaini. Zake ngapi?"

"Inategemea. Magoti yake yakoje?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwetu binti akiposwa, ukiulizwa maradhi hufichi. Nikasema kweli: la kushoto hulikanda kila jioni kwa pakiti ya minji, zile njegere za friza, na minji hiyo imeshayeyuka na kuganda mpaka haipikiki tena.

Natasha akaweka kikombe chini. "Basi akae benchi tu, awafundishe wasichana." Nikauona ule mguu ukirudi ndani.

Alipoondoka nikaingia chumbani. Maureen alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda changu.

"Afadhali ungeniuza, Mama Isa," akasema polepole. "Umenigawa bure."

Nikamfungua Isa mgongoni nikampakatisha yeye. Ilikuwa saa tano u nusu.

Zilipobaki dakika kumi saa sita ifike, akaingia Anastasia wa timu ya Shakopee, Mtanzania, ametoka kazini ghalani moja kwa moja, beji ingali shingoni. Alikula kaimati nne kabla salamu hazijaisha. Safari hii sikungoja kuulizwa.

"Goti lake la kushoto ni bovu."

"La nani zima?" akajibu, mdomo umejaa. "Sisi tunabeba maboksi kutwa, dada. Nina wasichana sita wanakimbia kama mbuzi waliokata kamba. Tunaongoza robo tatu, ya mwisho tunafungwa. Maureen nimemtazama misimu mitatu. Hakimbii. Anafika kabla."

"Anafikaje kabla, na hakimbii?" Kweli nilitaka kujua.

"Hicho ndicho nilichokuja kuomba."

"Dakika ngapi?"

"Kumi. Za mwisho."

Nikakumbuka kuwa mimi ndiye mzazi. "Kumi na tano."

"Ala! Na goti si umenitajia mwenyewe?"

"Kumi," ikasema sauti ya chumbani. "Ila nikiingia, mtu asinitoe." Mposwa akatoka mwenyewe, Isa kiunoni, akachukua kaimati sahanini. Posa gani hiyo! Anastasia akatuma jina ligini kwa simu zikiwa zimebaki dakika tatu.

Jumapili ya kwanza ya msimu nilikwenda ukumbini. Maureen akaingia robo ya mwisho, nikaacha kuutazama mpira nikamtazama yeye. Alitembea kama anayetafuta chumvi dukani. Akanyoosha kidole mahali pasipo na mtu, msichana mmoja akaenda pale kwa mashaka, mpira ukamkuta. Mara ya pili msichana hakuwa na mashaka. Walishinda kwa pointi tatu.

Ndani ya gari nikamwuliza, "Ulijuaje pale patakuwa wazi?"

Akafikiri kidogo. "Kule hospitali nasukuma kitanda katikati ya watu kutwa nzima. Ukitazama miguu yao utawagonga. Tazama mabega."

Tulipofika alikuwa anachechemea. Nikamkalisha sofani, nikaenda kwenye friza yangu. Minji nilikuwa nimenunua pakiti mbili, moja ya kupika.