Kigoda Kilichopinduliwa

Mimi si mtu wa kutulia. Mama alikuwa akisema nilizaliwa na siafu miguuni, na sijawahi kumbishia. Lakini wiki ile baba alipolazwa hospitali ya Mugumu nilizidi. Kaka yangu alikwenda kumwuguza, mimi nikaachiwa mji wetu hapa Ringwani, na simu isiyolia. Kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa nimefagia uwanja mara tatu. Nikapalilia mihogo isiyokuwa na magugu. Nikamfokea mbuzi bure.

Kila nikipita barazani nakiona kigoda cha baba. Kina miguu mitatu, kimechongwa kwa gogo moja, na katikati pamebonyea kwa kukaliwa na mtu mmoja miaka yote hiyo. Kwetu mtoto hakalii kigoda cha tata, yaani baba yake, hata awe na mvi. Nami ninazo. Basi nilikuwa nakaa chini kando yake, naweka mkono pale palipobonyea, na roho inatulia kidogo, maana naona kama yupo, ananiuliza ng'ombe wamekunywa maji au bado. Halafu nainuka tena.

Siku ya nne nikakuta kuku wamekichafua. Hasira zikanipanda. Baba arudi akute hivi? Nikachemsha maji, nikakisugua kwa sabuni ya mche mpaka mikono ikauma, nikakianika juani uwanjani, miguu juu, kikauke vizuri. Nikachukua ndoo nikaenda kisimani.

Sijui akili yangu ilikuwa wapi. Kila mtu huku anajua, na mimi najua tangu utoto, kwamba kigoda cha mzee hupinduliwa siku moja tu, siku mwenyewe anapokufa.

Narudi na maji kichwani, nasikia kilio kwetu. Jirani yangu, mwanamke tuliyeolewa naye mwaka mmoja na tukarudi nyumbani mwaka mmoja, yuko uwanjani amejishika kichwa. Alikuwa amepita njiani akaona. Wanawake wengine wanne walishafika, mmoja na mzigo wa kuni za msibani. Nami, mjinga wa mwisho, nikaiangusha ndoo nikalia kuliko wote. Nilidhani wao wamepigiwa simu kabla yangu.

Ndipo simu yangu ikalia. Kaka alikuwa amekasirika hasa.

"Watu watatu wamenipa pole ya msiba. Mzee yuko hapa anakunywa uji. Nyie mmemwua lini?"

Nikageuka, nikakiona kigoda kimeelekeza miguu mbinguni. Aibu niliyoipata siwezi kuieleza. Nikasikia simu inapokezwa, kisha sauti ya baba, nyembamba.

"Kisimamishe. Nakuja kukikalia."

Na kweli alikuja. Alikikalia mavuno mawili ya ulezi, na kila mgeni aliyemwamkia shikamoo alisimuliwa jinsi binti yake alivyomzika mzima. Jirani naye hakuniacha. Akiniona nimeshika sabuni tu, anauliza leo namwua nani. Nilinuna mwanzoni, baadaye nikazoea.

Mwaka huu, kabla mvua hazijaanza, baba alilazwa tena. Nikaanza tena kufagia, kupalilia, kukaa chini na kuinuka. Mara hii kigoda sikukigusa kwa maji. Nilikifuta kwa kitambaa kikavu tu, nikawa nawafukuza kuku.

Asubuhi moja kaka alipiga simu, akashindwa kuongea. Nikamwambia nimeelewa, nikakata.

Nikakipaka kigoda samli kama alivyopenda mwenyewe. Nikakitoa uwanjani, nikakipindua polepole, nikakaa chini kando yake kama kawaida yangu. Mkono ukaenda wenyewe kutafuta pale palipobonyea. Upande wa chini ni mgumu na haujabonyea popote. Sikujua niuweke wapi.

Jirani akapita na jembe begani, akaona, akacheka.

"Wewe mwanamke, umekiosha tena?"

Akaangalia huku na huku, hakuna ndoo, hakuna sabuni, na ardhi chini ya kigoda ilikuwa kavu. Akatua jembe, akaja akakaa chini pamoja nami.